Nitieni Moyo Mimi, Nitamfikishia

Wapendwa, kaeni. Kwaya, asanteni, nanyi kaeni. Nilikuwa nimeandaa somo jingine la leo, na lilikuwa somo zuri tu, lakini nimeliacha nyumbani juu ya meza. Wiki hii nimechoka. Nasema kweli nikiwa mbele ya madhabahu, nimechoshwa na ninyi.

Jumatatu alikuja mtu kwangu. Jumatano wakaja wengine wawili. Shauri lao lilikuwa moja. Kuna kijana wetu hapa, mnamjua, anayeomba kusomea udaktari na ameshakosa nafasi, na sasa anarudia mtihani. Ameacha kwaya. Kwenye mikesha haonekani. Ukienda kwao unaambiwa yuko ndani anasoma. Wakaniambia, mchungaji, mtoto yule ameanza kiburi, mkemee, na kama inawezekana tuunde kamati ya kwenda kumtia moyo.

Kamati tena. Sisi mtu akikohoa tunaunda kamati, akipona tunaunda ya kushukuru. Basi mimi kemeo sina. Nina mfano, na naomba kila mtu asikilize wa kwake, asimsikilizie jirani.

Palikuwa na binti mmoja katika kijiji cha milimani kama hapa petu, huko ambako mvua ikianza asubuhi hujui itaacha lini. Baba alishafariki. Mama yake alianguka siku moja akitoka shambani, mguu ukavunjika, na kwa kuwa daktari hakuwapo karibu, ulifungwa na yeyote aliyejitolea kuufunga. Ukaunga vibaya. Tangu siku hiyo mama yule anatembea ameinamia upande mmoja. Binti alikua akiutazama mguu huo kila siku, na akiwa bado shule ya msingi akaamua kwamba atakuwa daktari. Hakumtangazia mtu. Aliamua tu.

Akasoma, akafika kidato cha sita, akafanya mtihani. Kemia akafaulu, baiolojia akafaulu vizuri. Fizikia ikamwangusha, na bila fizikia vyuo vya udaktari havikumchukua. Akaona arudie fizikia akiwa nyumbani, kama wanavyofanya wengi, halafu aombe chuo tena. Asubuhi alikuwa akifundisha watoto wa chekechea ili apate cha kumsaidia mama yake. Usiku nyumba ilijaa wadogo zake, na taa ilikuwa moja ya wote. Kwa hiyo alichobaki nacho ni mchana, tangu akitoka chekechea mpaka giza linapoingia. Ushikeni huo mchana, kwa sababu mfano wote umo ndani yake.

Tena mjomba wake aliyekuwa akimgharamia alikuwa ameshasema neno lake. Alisema, nitakusaidia kurudia mara mbili, basi. Ukikosa, unakuja mjini kukaa dukani kwangu, maisha yaendelee. Hakusema kwa ubaya. Naye alikuwa na wake wa kulea.

Kanisa la pale likasikia habari za binti. Na lile lilikuwa kanisa lenye upendo, sitanii. Wakaunda Kamati ya Kumtia Moyo. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mhazina. Mhazina wa kutunza nini, mimi sijui, maana moyo hauwekwi kwenye sanduku.

Mnacheka. Mzee Mwasulama, wewe usicheke, hapa peke yake una uenyekiti wa kamati ngapi?

Kamati ikaanza kazi. Wakapangana kwa zamu, ili isipite siku ambayo binti ameachwa peke yake na mawazo. Saa nane binti anafungua kitabu. Saa nane hiyohiyo anasikia hodi. Sasa niambieni, ninyi ni watu wa huku. Mgeni akibisha hodi unamjibu nini? Unamwambia niko kwenye sura ya umeme, rudi kesho? Kwetu hilo halipo. Unasema karibu. Unafunga kitabu, unatoa kiti, unapuliza moto, unabandika chai. Na chai tupu humpi mgeni, kwa hiyo unamenya magimbi. Magimbi yanaiva polepole na mgeni hana haraka. Akishashiba ndipo anaanza kukutia moyo.

Na walikuwa wanatia moyo kwelikweli. Mmoja alisema mvumilivu hula mbivu. Wa kesho yake akasema mvumilivu hula mbivu, akaisema taratibu, kana kwamba ameigundua njiani akija. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na mpwa wake aliyefeli mara nyingi na sasa ni mtu mkubwa huko ng'ambo. Kisa cha mpwa huyu kilikuwa kinamaliza alasiri, na kila mama yule alipokuja alikisimulia upya kuanzia mpwa alipozaliwa. Baada ya hapo maombi, ya sauti na ya urefu. Kisha mgeni anaaga. Na mgeni akiaga mnajua wenyewe, humwachi aende peke yake kama mtu aliyefukuzwa. Unamsindikiza. Mkifika kwenye kona anakumbuka neno jingine, mnasimama. Mkifika kwenye kona ya pili anakumbuka la mpwa. Binti akirudi nyumbani giza limeshaingia, na wadogo zake wanataka kula.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa nyumba hii alikuwa hoi.

Lakini tusimwonee huruma kupita kiasi. Hapa kuna jambo ambalo wazazi hamtalipenda, na vijana hamtalipenda zaidi. Yule binti alianza kuona raha. Fizikia ni ngumu. Ukikaa nayo peke yako inakuonyesha usichokijua, wala haikupi pole. Mgeni anakuita daktari. Anakwambia, mimi nakuona kabisa umevaa koti jeupe. Ni nani kati yetu asiyependa kuitwa daktari kabla hajasoma? Ikafika mahali binti akawa anakaa tayari. Saa nane ikipita bila hodi, anachungulia mlangoni.

Akafanya mtihani. Matokeo yakatoka. Fizikia ilikuwa palepale alipoiacha.

Kamati ikakutana kwa dharura. Wakajiuliza tumekosea wapi, na jibu wakalipata. Wakasema, kumbe hatukumtia moyo vya kutosha. Wapendwa, hapa ni heri nicheke, nisije nikakasirika mbele yenu. Wakaongeza nguvu. Wakakubaliana sasa watakwenda wawili wawili, na kila Alhamisi kitakwenda kikundi cha akina mama na ngoma zao. Ule ndio mwaka wa mwisho wa binti, kwa neno la mjomba, na mchana wake ulikuwa umeshagawanywa wote kwa zamu.

Ndipo akaja bibi yake, mama mzaa mama. Alikuja kipindi cha baridi kumsaidia bintiye mwenye mguu mbaya. Bibi huyu hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa na goti linalomsumbua na hasira za karibu, na fizikia hakujua ni mnyama gani. Alikaa kwenye kigoda chake kando ya moto juma zima, akawatazama wageni wakiingia na wakitoka. Mwisho wa juma, binti aliporudi kusindikiza, bibi akamwita.

"Huo mtihani wako ni wa nini?"

"Wa fizikia, bibi."

"Juma hili umeisoma lini?"

 Binti akaanza kujieleza. Akasema wale ni watu wa kanisa, hawafukuziki, na kwamba bila maneno yao yeye angeshakata tamaa siku nyingi. Akalia kidogo. Bibi akamwacha alie, akasogeza kuni, akamwambia:

"Moyo umekujaa mpaka shingoni, mjukuu wangu. Fizikia ndiyo imekosa pa kukaa."

Kesho yake bibi akatoa viti vyote ndani ya nyumba, akavipeleka kwenye jiko la nje, lile lililo chini karibu na njia. Birika akahamishia huko, na magimbi akahamishia huko. Saa nane mwenyekiti wa kamati akaja na mwenzake. Bibi akawapokea kwa heshima zote. Akawauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, akawakalisha, akawamiminia chai. Wakauliza binti yuko wapi, maana wamekuja kumtia moyo. Bibi akasema yuko ndani, anasoma. Wakasema aitwe mara moja tu, hawatakawia. Na bibi akawajibu hivi:

"Nitieni moyo mimi. Nitamfikishia."

Wangefanya nini? Chai ilikuwa mkononi na gimbi mdomoni. Wakaanza kumtia moyo bibi. Wakamwambia usikate tamaa, bibi akasema sikati. Wakamwambia mvumilivu hula mbivu, akasema amina. Alhamisi akina mama wakaja na ngoma, bibi akapiga makofi. Mwenye mpwa akasimulia mpwa wake tangu kuzaliwa, na bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza na maswali. Wakiaga aliwasindikiza, pamoja na lile goti lake. Aliwafikisha mpaka darajani, mbali kuliko binti alivyowahi kuwafikisha, kusudi asiwepo wa kukumbuka kwamba amesahau mwavuli.

Maneno hayakukosa. Wakasema binti ana maringo, hajawa daktari na tayari hashikiki. Wakasema bibi amekuja kumtenga mtoto na kanisa. Wakampelekea mchungaji wao mashtaka, na mchungaji akaenda mwenyewe kukemea. Akanywa chai. Akamtia moyo bibi. Akasindikizwa mpaka darajani, na alipofika kwake ndipo alipokumbuka alichokuwa amekifuata.

Na huko ndani je? Mnadhani binti alikuwa akifurahi? Siku za kwanza aliteseka. Hapakuwa na wa kumwita daktari. Palikuwa na meza, kitabu na mvua juu ya bati. Siku moja alichoka kabisa. Swali moja lilikuwa limemshinda tangu jana yake, na alishaanza kuliona lile duka la mjomba na yeye akiwa nyuma ya meza, anapima sukari. Akatoka, akashuka jikoni na macho mekundu, wageni wakiwa wamekaa, akamwambia bibi nimeshindwa, leo niache nikae hapa na watu.

"Rudi ndani," bibi akasema.

"Bibi, sina moyo."

"Sikukuuliza kama unao. Kasome bila huo."

Mwenyekiti wa kamati akapaliwa na chai. Alikuwa hajawahi kusikia neno la ukatili kama lile. Binti akaona kwamba bibi hatasema kingine. Kisha akapanda kurudi ndani. Na nawaambia ukweli, hakuwa na moyo hata chembe. Alikaa akafungua kitabu, akasoma bila moyo, kama wewe mama unavyoosha vyombo usiku umechoka, huna hamu navyo, na bado vinatakata. Moyo ulikuja baadaye kidogo, ukamkuta ameshalimaliza lile swali na ameanza lingine. Siku nyingine haukuja kabisa, na alisoma vilevile.

Akaufanya mtihani ule wa mwisho. Fizikia akafaulu. Akaomba vyuo, akasubiri, na kusubiri huko nako kulikuwa na machozi yake. Majina ya waliochaguliwa kusomea udaktari yalipotoka, lake lilikuwamo.

Ngojeni, msipige makofi. Sisemi kila anayejifungia ndani atachaguliwa. Nafasi ni chache, na wako waliosoma kuliko yeye wakakosa. Msije mkatoka hapa mkasema mchungaji ametuahidi. Nasema huyu alipata, na nataka tuone alichofanyiwa.

Likafanya kanisa lile ibada ya shukrani. Kamati ikaketi mbele, imevikwa mashada ya maua. Mwenyekiti akasimama kutoa ushuhuda, akaeleza jinsi alivyomtia moyo binti katika jua na mvua. Katibu naye akaeleza. Mhazina akaeleza. Yule mama akasimama, na mpwa akazaliwa tena mbele ya kanisa zima. Kila mmoja akataja siku aliyosema neno lililomgusa mtoto, na watu wakafuta machozi. Binti aliinamisha kichwa, hakuweza kusema kitu mbele ya wakubwa. Mwishoni mwenyekiti akasema kwa upole, tumpe na bibi dakika moja, maana naye alitusaidia kufikisha maneno.

Bibi akainuka na fimbo yake. Kwa kusindikiza kule goti lilikuwa limevimba, hata kusimama kulimtoa jasho. Akasema:

"Nawashukuru kwa maneno. Mmeniletea mwaka mzima, na mimi niliwaambia nitamfikishia. Sasa nimesimama kanisani, siwezi kudanganya. Sikumfikishia hata moja. Yote yaliishia kwangu. Kwa hiyo kama ni maneno yenu yanayompeleka mtu chuo cha udaktari, huyu mtoto abaki nyumbani. Anayetakiwa kwenda ni mimi."

Akakaa.

 

Sasa turudi kwetu. Sisi tunapenda kutia moyo, na nitawaambia kwa nini. Ni rahisi, na kuna chai. Ukitoka pale unajisikia umefanya kitu. Yule uliyemwacha nyuma ana vikombe vya kuosha na mchana umekwisha, lakini wewe unakwenda zako umeridhika, na akifaulu utasimama kutoa ushuhuda. Akifeli utasema alikosa imani. Nimewahi kukusikia ukisema, tena hukusema mbali na hapa.

Binti yule hakuwa amepungukiwa na moyo. Alikuwa amepungukiwa na mchana. Je, sisi tumewahi kumuuliza mtu amepungukiwa na nini kabla ya kumpa tulichonacho mdomoni? Wewe mzazi unamwambia mwanao nakuombea, mwanangu, komaa, na maneno hayajaisha unamtuma dukani, akirudi unamtuma kwa shangazi. Wewe jirani unasema tunajivunia mtoto wetu, na redio yako inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Maneno matupu hayavunji mfupa. Nami naongeza, wala hayaungi. Mwulizeni yule mama mwenye mguu uliopinda kama kuna neno tamu lililounyoosha.

Na wewe kijana, usikae hapo ukifurahi kwamba leo nimewasema wazee. Wewe unayesema nitaanza moyo ukirudi. Unayezunguka kwa marafiki ukitafuta wa kukwambia unaweza, unaweza, na ukiambiwa unalala. Umekosa mara ya kwanza, inauma, najua inauma, na anayekwambia haiumi anakudanganya. Lakini hakuna aliyekuuliza kama una moyo. Kaa chini. Fungua. Usiku huu ukiwa na moyo soma, na usipokuwa nao soma. Moyo ukija utakukuta mahali pako.

Sisi wengine tuwe kama bibi. Hakufundisha hata mstari mmoja. Aliuchukua mzigo wa chai, akauchukua na mzigo wa wageni, akautembeza kwa goti lake mpaka darajani. Upendo wake ulimgharimu goti. Wetu umetugharimu nini mpaka sasa?

Kijana wetu hayumo humu leo. Msigeuke kumtafuta. Nimemruhusu mimi, kwa kuwa mtihani wake unaanza kesho, na mwenye mashtaka anishtaki mimi. Mnajua kwao ni hapo nyuma ya kanisa, na njia ya juu inapita chini ya dirisha lake. Tukitoka, tupite njia ya chini. Ina matope, nimeiona asubuhi, na viatu vya Jumapili vitachafuka. Pitieni hukohuko, na anayetaka kumtia moyo leo akaoshe viatu vyake nyumbani akinyamaza.

Mwimbishaji, wimbo wa kutoka tuuache. Tusimame tuombe, na leo sala iwe fupi.